Nabwa hakuwa wa kwanza: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: Asalaam aleykum maalim. Mie nasoma uandishi wa habari, kwetu ni Wete. Babu yangu kila akikaa barazani humtaja Ali Nabwa na gazeti lake la Dira, anasema Zanzibar hajapata kutokea mwenye gazeti aliyesema kama yule wala aliyeandamwa kama yule. Ni kweli? Na kwa nini magazeti ya watu binafsi hayadumu huku kwetu, watu waoga au kuna jengine?

Jibu: Waaleykum salaam mwanangu. Babu usimbishie sana, maana nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Nabwa aliandamwa, tena kwa njia ambayo waliomtangulia hawakuijua. Lakini kusema hajatokea mwengine hapo kawaruka watu wengi, na kama umri wake ndio huo ninaoukisia basi baadhi yao kawaona kwa macho yake.

Nianze na huyo huyo Nabwa. Dira ilianza kutoka mwishoni mwa 2002, gazeti la kila wiki, la Kiswahili. Lazima uijue hali ilivokuwa ndo utafahamu kwa nini watu walilipapatikia vile. Januari 2001 watu walipigwa risasi kwenye maandamano, Pemba khasa, wengine wakavuka na ngalawa mpaka Shimoni kule Kenya, wakakaa huko ukimbizini. Oktoba mwaka huo CCM na CUF wakatia saini Muafaka wa pili, na hapo ndo pakapatikana upenyo kidogo, watu wakaanza kunong'ona tena. Kabla ya hapo, tangu 1964, sisi tulikuwa na gazeti la serikali tu, mwanzo Kweupe, baadae Nuru, halafu Zanzibar Leo, na mengine yote yakiletwa kwa boti kutoka Dar, ukilipata leo habari yake ya jana, na habari ya Zanzibar humo utaikuta imebanwa ukurasa wa ndani pembeni ya tangazo la mnada. Kwa hiyo gazeti linaloandikwa na watu wa hapa, kwa lahaja ya hapa, linalomtaja mkubwa wa hapa kwa jina, lilikuwa jambo geni kwa kizazi kizima. Kisonge, maskani ya watu mjini, walikuwa na ubao wao wa kuandikia chaki, maskani ya Jaws Corner na wao wana wao, lakini ubao hauendi Micheweni. Gazeti linakwenda.

Jambo moja dogo tuliweke sawa kwa sababu wewe unasomea kazi hii: mwenye Dira kisheria ilikuwa kampuni, Nabwa alikuwa mhariri wake mkuu. Watu wakiita gazeti la Nabwa kwa sababu sauti ilikuwa yake. Na hakuwa kijana, alikuwa mkongwe wa kalamu, mtu aliyeijua siasa ya visiwa hivi na ya Ngazija, kule Komoro, kwa ndani.

Halikudumu sana. Kwanza likapigwa kesi ya kashfa iliyowahusu watu wa familia ya rais wa wakati huo, mahakama ikaamuru fidia kubwa mno ambayo gazeti changa halina pa kuitoa. Halafu tarehe 24 Novemba 2003 waziri akalifungia, kwa hoja kwamba linakwenda kinyume na maadili na linachochea chuki baina ya serikali na wananchi. Hapo hapakwendwa mahakamani kwanza. Sheria namba 5 ya 1988 ya kusajili mawakala wa habari, magazeti na vitabu inampa waziri uwezo wa kulifunga gazeti akiona maslahi ya umma yanataka hivo, na umma hauulizwi. Hii ni sheria ya Zanzibar wenyewe, si ya Muungano, ndo maana gazeti linaweza kuwa halali Dar na haramu Darajani.

Lakini lililonishangaza mimi na linalonishangaza mpaka leo ni lile la uraia. Mwaka huo huo Uhamiaji wakasema Nabwa si Mtanzania, ni Mngazija, pasi yake ikachukuliwa. Mtu mzima, kafanya kazi nchi hii miaka chungu nzima, kazeeka hapa, leo aambiwe athibitishe yeye nani! Mwanangu, tukianza kufukuana asili Mji Mkongwe atabaki nani? Huyu Mngazija, yule Mshihiri, yule babu yake kaja na jahazi kutoka Kachi, yule Mmanyema. Na angalia jambo hili lilipokuja: halikuja wakati akiandika mambo ya mpira. Nabwa akafariki 2007, na Dira hakuliona tena likirudi mitaani.

Sasa nirudi nyuma maana hapo ndo penye jibu lenyewe.

1954. Hapa Muingereza ndo mwenye nchi ingawa bendera ni ya Sultani. Jumuiya ya Waarabu ilikuwa na gazeti lake, Al-Falaq, tangu 1929, na kwa miaka mingi lilikuwa gazeti la wakubwa, la upole, likilalamikia bei ya karafuu na madeni ya wenye mashamba. Akaja mhariri kijana, Ahmed Lemki, kasoma Misri, karudi na moto wa Wamisri. Akaanza kuandika kwamba ukoloni ufike mwisho, na kuwatetea wanaopigana na Muingereza kwengine, Kenya wakati huo ndo Mau Mau imepamba. Serikali ikakasirika, na haikumshika mhariri peke yake, ikaishtaki kamati kuu nzima ya Jumuiya kwa uchochezi, wazee wa kilemba na joho wakapandishwa kizimbani mmoja mmoja wakatiwa hatiani. Jumuiya ikajibu kwa kuwatoa wajumbe wake Baraza la Kutunga Sheria na kuligomea kwa muda wa kama mwaka na nusu. Mmoja akavunja mgomo akarudi barazani, Sultan Ahmed Mugheiry, akauliwa mwishoni mwa 1955. Yote haya yametokana na gazeti, na gazeti lenyewe nakala zake hazikuwa nyingi hata kidogo.

Ukisikia wazee wanasema zama za siasa ndo hapo zinapoanza. Kila chama kina gazeti, kila gazeti lina barza yake. Asiyejua kusoma anasomewa, nakala moja inapita mikono mpaka inachanika, kahawa inamwagwa, anayesoma anaongeza chumvi yake. Mwongozi lilikuwa limeanzishwa 1942 na Sheikh Ahmed Seif Kharusi, na aliyekuja kulitia makali ni Ali Muhsin Barwani, mhariri wake. Upande wa pili kulikuwa na Afrika Kwetu, la Mtoro Rehani, wa African Association, yaani jumuiya ya Waafrika, mtu ambaye hazungumzwi inavyostahiki, maana aliliendesha gazeti lile mwaka baada ya mwaka bila ya mashamba wala matajiri nyuma yake. Mimi ningekushauri umuandikie yeye hiyo tasnifu yako kuliko Nabwa, Nabwa wengi watamuandikia.

Ali Muhsin kazaliwa 1919, mtoto wa mwanachuoni, kasomea kilimo Makerere, akaajiriwa serikalini huko huko kwenye kilimo, halafu kalamu ikamchukua. Alikuwa na Kiswahili, tena Kiswahili hasa, hata anayemchukia alikuwa akilisoma Mwongozi kwa ajili ya lugha. Hoja yake ilikuwa moja, sisi sote ni Wazanzibari, hakuna Muafrika hakuna Muarabu, Muingereza ndo anayetugawa. Upande wa Afrika Kwetu jibu lao nalo lilikuwa wazi: hayo maneno mazuri lakini nani mwenye shamba na nani anayepanda mkarafuu kuchuma? Ukiyasoma yote mawili, wiki moja hiyo hiyo, utaona kila mmoja ana ukweli wake na kila mmoja ana sumu yake. Mimi sifichi, nina heshima kubwa kwa watu wale lakini magazeti yale yalitukana, yalitukana asili za watu, yalifufua habari ya utumwa yalipotaka kuumiza, yaliwaita watu wa Bara wageni yalipotaka kuwatisha. Juni 1961 siku ya uchaguzi ghasia zikazuka, wakafa watu 68. Siwezi kukwambia gazeti ndo lililoshika panga, ila lugha iliyokuwa ikisemwa mitaani siku ile ilikuwa ishachapishwa zamani.

Katika uchaguzi wa 1957 Ali Muhsin alisimama Ng'ambo dhidi ya Abeid Karume, akaanguka vibaya, na chama chake cha ZNP, Hizbu kama watu walivokiita, hakikupata hata kiti. Mwandishi mzuri si lazima apate kura, hilo nalo lijue. Ila hakukata tamaa, na baada ya chaguzi za 1961 na 1963 ZNP ikashika serikali pamoja na chama chengine, ZPPP ya Mohamed Shamte, na siku ya uhuru, 10 Disemba 1963, yule mhariri ndo waziri wa mambo ya nje.

Hapo katikati yumo mtu wa tatu na yeye ndo ninayemuona mkali kuliko wote, Abdulrahman Babu. Kazaliwa 1924, kaenda London 1951, akarudi 1957 kuwa katibu mkuu wa ZNP, akaijenga ile ZNP matawi kwa matawi. Babu hakuwa na matbaa ya maana, alikuwa na mashine ya stensili na karatasi, akitoa kijarida cha Kiingereza kinaitwa ZANEWS. Habari zake nyingi zikitoka kwa shirika la habari la China, maana yeye alikuwa muakilishi wao hapa, na Muingereza alikuwa hapati usingizi kwa hilo. 1962 akashtakiwa uchochezi kwa maandishi, akafungwa miezi 15. Alipotoka 1963 hakukaa na wenzake sana, wako wanaosema chama kilimuacha jela bila kumpigania kwa dhati, wako wanaosema mambo ya ugawaji wa majimbo na wagombea ndo yaliyomtoa, nadhani yote mawili yamo. Akaunda chama chake, Umma.

Sasa nisikilize vizuri hapa mwanangu.

Serikali ya uhuru, ambayo ndani yake ameketi mtu aliyepata umaarufu kwa kuikosoa serikali ndani ya gazeti, haikuchukua hata mwezi. Siku chache kabla ya Mapinduzi ikakipiga marufuku chama cha Umma, na sauti ya Babu ikazimwa pamoja nacho. Babu akakimbilia Dar. Yaani Mwongozi lililokuwa likimwambia mkoloni usiwafunge watu midomo, watu wake walipokabidhiwa funguo wakafunga mlango ule ule.

Tarehe 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa. Ali Muhsin na mawaziri wenzake wakakamatwa, wakapelekwa magereza ya Bara, na yeye akakaa zaidi ya miaka 10 bila kusomewa shtaka lolote. Mwongozi likafa. Afrika Kwetu nalo, ambalo upande wake ndo ulioshinda, likafa vilevile, kwa sababu chama kikiwa kimoja gazeti la pili la nini? Magazeti ya Wahindi, Samachar lililokuwepo tangu 1902, yakajikokota miaka michache yakaishia. Na ni nani waziri katika Baraza la Mapinduzi wakati huo? Babu. Aliyefungwa kwa ajili ya stensili yake. Sikumbuki pahala alipopiga kelele hadharani wakati ule kwamba Mwongozi liachiwe litoke, na nimesoma maandishi yake mengi. Watetezi wake watakwambia mapinduzi yalikuwa machanga, maadui wako nje wanasubiri, na muda wenyewe hakukaa Zanzibar, Muungano ulipokuja Aprili akahamishiwa Dar. Sawa. Lakini kila serikali ina sababu yake ya uchanga, hata ile ya Disemba ilikuwa nayo.

Zamu yake ikafika 1972. Karume aliuliwa tarehe 7 Aprili pale Kisiwandui, Babu akakamatwa Dar pamoja na watu wake wa zamani wa Umma, mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo hali ya kuwa hayupo mbele yake, Nyerere hakumtoa kumpeleka visiwani ila hakumuachia pia mpaka 1978. Akaishia ughaibuni, Marekani akisomesha, halafu London akiandika makala kwenye magazeti ya watu, na akirudi kuandika tena kuhusu uhuru wa kusema, safari hii kwa uchungu wa mtu aliyeonja pande zote mbili. Kafariki London Agosti 1996, kazikwa kwao Zanzibar. Ali Muhsin yeye alipotoka jela 1974 alikimbilia Kenya, akaenda Misri, akamalizia Ghuba, akaitarjumu Qur'ani kwa Kiswahili, akatoa kitabu cha maisha yake 1997, na kafariki 2006 hukohuko ughaibuni. Mmoja mwanaharakati wa Hizbu, mmoja mkomunisti, wakichukiana kisiasa kama nini, na mwisho wao karibu unafanana.

Kwa hiyo nikirudi kwa babu yako: njia aliyoandamwa nayo Nabwa ilikuwa tafauti, si kubwa zaidi. Wazee wa Al-Falaq walipewa mahakama na mawakili, Babu wa 1962 naye alipata hukumu yenye siku ya mwisho, unajua utatoka lini. Waliokuja baada ya uhuru hawakupewa siku. Na kwa Nabwa hawakuhitaji hata jela, walichukua gazeti kwa saini ya waziri na wakamchukulia yeye hadhi ya kuwa mwenyeji, na mtu asiyekuwa mwenyeji hana kesi ya uhuru wa habari, ana kesi ya viza. Kiufundi ni kazi safi zaidi kuliko ya Muingereza, hilo lazima niwape.

Swali lako la pili, kwa nini hayadumu. Uoga upo ila si uoga ninaoulaumu. Fanya hesabu kama unayetaka kufungua gazeti kesho. Sensa ya 2002, mwaka Dira ilipoanza, Zanzibar nzima haikufika watu milioni moja, na ndani yake toa watoto, toa wanaosoma cha jirani, maana sisi gazeti moja barza nzima, tabia ile ya zama za siasa haijaondoka. Matangazo ya biashara nani anatoa? Mtoaji mkubwa ni serikali na mashirika yake, halafu hoteli, na mwenye hoteli ardhi kakodishwa na serikali, kwa hiyo hatoi tangazo kwenye gazeti linaloichokoza. Zama za Mwongozi matbaa zilikuwa hapahapa mjini, za Waarabu, za Wahindi, unakwenda kwa miguu unachapisha. Baada ya 1964 zile zikapotea, na anayetaka kuchapa gazeti kwa wingi anatazama Dar, agharimie na nauli ya boti. Ukishatoa hivyo vyote ndo unafika kwa mrajis wa magazeti na waziri na sheria ya 1988. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 18 kinakupa uhuru wa kutoa maoni, na mimi nakubali kimeandikwa vizuri, lakini gazeti linalotoka kila wiki likifungwa miezi sita tu mpaka wakili amalize kunukuu hicho kifungu lishakufa, wasomaji washahama, waandishi washaajiriwa pengine.

Na kuna hili ambalo watu wa kambi zote mbili hawapendi kulisikia nikilisema. Kila kambi ina orodha ya mashahidi wake na haitaji wa mwenzake. Wa upande mmoja atakuhadithia Ali Muhsin na jela ya Bara, ukimuuliza nani aliifunga Umma ananyamaza. Wa upande wa pili atakuhadithia Babu, ukimuuliza Mwongozi anakwambia lile lilikuwa gazeti la Waarabu acha life. Dira lilipofungwa niliwasikia watu wazima, wasomi, wanafurahi kwa sababu liliwagusa wao. Ndo hivo, sheria ya 1988 haijakosa wa kuilinda kwa sababu kila anayeingia anaikuta inamfaa. Wewe ukiandika utafiti wako usiandike wapinzani na serikali, andika nani alisema nini kabla ya kuingia ofisini na nani alifanya nini baada ya kuingia, tarehe kwa tarehe, utaona mwenyewe.

Pa kuanzia ni Nyaraka, Kilimani. Omba Mwongozi na Afrika Kwetu za miezi ya Mei, Juni na Julai 1961, ziweke meza moja, usisome moja ukaiacha nyengine, na soma mpaka matangazo ya sinema na bei za kanga maana hayo ndo yanayokuonesha nani alikuwa akilipa. Karatasi zenyewe zishakuwa kavu zinavunjika, geuza taratibu, na nenda na penseli. Ukishamaliza hizo niandikie, nitakuelekeza pa kuzitafuta za Al-Falaq, hizo kazi yake kubwa zaidi kwa sababu nyingi zimo kwa Kiarabu na itabidi utafute wa kukusomea.